Dagaa wa Wapi? Samaki Mdogo katika Mila Tatu

Samaki mdogo huoza upesi kuliko mkubwa. Akivuliwa usiku katika nchi ya joto na asishughulikiwe asubuhi, jioni amekwisha kuwa hasara. Kwa sababu hiyo, watu wanaoishi kando ya maji yenye samaki wadogo wengi hawakuwahi kupata nafasi ya kuzembea. Walilazimika kubuni njia ya kumhifadhi, na njia hiyo ikaingia katika chakula chao, kalenda yao, biashara yao na hata namna wanavyogawana kazi kati ya wanaume na wanawake.

Katika makala haya nalinganisha mila tatu za kumhifadhi samaki mdogo wa maji yasiyo na chumvi. Ya kwanza ni yetu wenyewe: kumwanika dagaa wa Ziwa Tanganyika na kumpandisha hadi Ufipa. Ya pili ni ya Wakhmer wa Kambodia, wanaomtia chumvi na kumchachusha samaki wa bonde la Mto Mekong. Ya tatu ni ya wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya, hasa Ujerumani, wanaomtunza samaki wa Tanganyika akiwa hai ndani ya tangi la kioo. Hoja yangu ni kwamba mila yetu imefanya kazi kubwa ya kumfikishia mtu wa kipato kidogo chakula bora bila barafu wala umeme, lakini imepoteza jambo moja ambalo hizo nyingine zimelishika. Wakhmer wanajali samaki ameandaliwaje. Wafugaji wa Ulaya wanajali ametoka wapi. Sisi tunamchanganya katika gunia moja, na kuchanganya huko kunaugharimu mkoa wetu wa Rukwa.

Natazama jambo hili nikiwa upande wa Malangali, kata ya mji wa Sumbawanga, si ile Malangali ya Mufindi yenye sekondari kongwe. Malangali yetu haina ziwa. Uwanda wa Ufipa umeinuka hadi karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Tanganyika liko chini magharibi, kwenye mita 770 hivi, na Ziwa Rukwa liko chini mashariki, kwenye mita 800 hivi. Hapa juu ni nchi ya baridi, ya mahindi, maharage na ulezi. Kila samaki anayeingia katika sufuria ya Malangali amepanda mlima. Mahali pa namna hii panafaa kupimia uhifadhi, kwa sababu samaki aliyehifadhiwa vibaya hafiki.

Dagaa wa Tanganyika ni spishi mbili, ambazo wanasayansi huziita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Zote mbili ni za ukoo wa sadini wa baharini, ingawa zinaishi katika ziwa lililo mbali na bahari, ambalo maji yake hutoka kwa Mto Lukuga na kuingia bonde la Kongo. Stolothrissa ni mdogo: kwa kawaida hazidi sentimita 10, na maisha yake ni kama mwaka mmoja au zaidi kidogo. Mchana hushuka kwenye kina, mbali na macho ya migebuka wanaomwinda. Usiku hupanda kufuata vijidudu vya majini anavyokula.

Uvuvi wake wote umejengwa juu ya tabia hiyo. Wazee walivua kwa moto wa nyasi kavu uliowashwa kwenye mtumbwi, wakamchota samaki aliyevutwa na mwanga kwa wavu wa mkono uitwao lusenga. Baadaye zikaja karabai, kisha vyombo viwili vilivyofungwa pamoja vyenye wavu wa kuinua, ambavyo wavuvi huviita kipe. Siku hizi taa za umeme wa jua zimeenea. Vyombo vimebadilika, lakini kanuni ni ileile: panapokuwa na giza ndipo mwanga unapofanya kazi. Siku za mbalamwezi kali, mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mbingu, na wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kukarabati vyombo.

Kukicha, kazi huhamia mikononi mwa watu wengine, wengi wao wanawake. Hapa udogo wa dagaa, ambao ulikuwa hatari yake, hugeuka kuwa faida. Samaki mkubwa hupasuliwa, hutiwa chumvi au hufukizwa moshi kwa kuni nyingi. Dagaa hahitaji kisu wala kuni. Akitandazwa vizuri na kugeuzwageuzwa, jua kali la siku moja humkausha mpaka mfupani. Kwa hiyo mtaji wa kuingia katika biashara hii ni mdogo: eneo la kuanikia, nguvu za mikono na uangalifu wa mawingu. Ni mila iliyofungua mlango kwa mama asiye na chombo wala wavu.

Kinachotoka hapo ni chakula kisichotupwa hata kidogo. Dagaa huliwa mzima, mifupa na yote, na ndiyo maana humpa mtoto madini ya chokaa, chuma na zinki ambayo mnofu mtupu wa samaki mkubwa hautoi kwa kiwango hicho. Huuzwa kwa fungu au kwa kopo, kwa hiyo mnunuzi hupata kadiri ya alichonacho mfukoni. Hukaa wiki nyingi jikoni bila jokofu. Mama huchambua, huosha kwa maji ya moto, hukaanga na kitunguu na nyanya, wengine huongeza karanga zilizotwangwa, na ugali unapata mwenzake. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kimelea vizazi.

Sasa tuvuke bahari hadi Kambodia. Katikati ya nchi hiyo kuna Ziwa Tonle Sap, ambalo huungana na Mto Mekong kwa mto wenye jina hilohilo. Wakati wa kiangazi maji hutoka ziwani kwenda Mekong. Masika yanapofika, Mekong hufurika na kuusukuma mto huo urudi nyuma, na ziwa hupanuka kutoka kilometa za mraba 2,500 hivi hadi karibu 15,000. Samaki huingia katika misitu iliyofunikwa na maji, hula na kunenepa. Maji yanapoanza kupungua, makundi makubwa hutoka ziwani kurudi mtoni. Miongoni mwao aliye mashuhuri ni samaki mdogo aitwaye trey riel, wa ukoo wa kapi.

Wakhmer humngojea njiani. Hutega safu za mifuko mikubwa ya nyavu iliyotiwa nanga mtoni, iitwayo dai, kuanzia Oktoba hadi Machi. Na hapa kuna jambo ambalo mvuvi wa Kasanga, mwambaoni mwa Tanganyika, atalisikia kwa mshangao: siku za neema yao ni zile zinazokaribia mwezi mpevu, hasa mwezi wa Desemba na Januari, kwa sababu ndipo makundi ya samaki yanaposafiri kwa wingi. Mvuvi wa Tanganyika humvuta samaki aje kwake, kwa hiyo anataka giza. Mvuvi wa Tonle Sap humngoja samaki aliye safarini, kwa hiyo huufuata mwezi unaomtia samaki mwendo. Mmoja hupumzika mwenzake anapokesha.

Tofauti hii ya majira ndiyo iliyozaa tofauti ya uhifadhi. Ziwa Tanganyika hutoa dagaa karibu kila mwezi, giza likirudi. Si lazima mavuno ya wiki moja yalishe mwaka mzima, na kukausha kunatosha. Mto Tonle Sap hutoa wingi wake katika majuma machache, kisha hunyamaza. Wakulima wa mpunga wamekuwa wakija kando ya mto msimu huo, wakiwa na mchele wao, wapate samaki wa kuwatosha hadi msimu mwingine. Samaki huyo hukatwa kichwa, husafishwa, hupondwa, huanikwa, hutiwa chumvi na kushindiliwa katika mitungi. Humo huchachuka na kuwa prahok, kitoweo kizito chenye harufu kali ambacho kijiko kimoja hutosha kukoleza chakula cha familia. Prahok unaweza kuliwa baada ya wiki kadhaa, lakini mzuri huachwa miezi mingi, na mwingine hutunzwa kwa miaka.

Ninachokiona cha kujifunza hapa si kuchachusha. Sisi hatuhitaji kuacha kuanika. Ni daraja. Mkhmer anaponunua prahok hutofautisha ule uliotengenezwa na mifupa yake na ule wa mnofu mtupu, hujali umekaa muda gani, na hulipa kulingana na hayo. Mama anayetengeneza prahok safi hupata malipo ya usafi wake. Kazi ya mikono yake haipotei ndani ya mtungi.

Mila ya tatu iko mbali zaidi na jiko. Mwaka 1898 mtaalamu wa samaki George Albert Boulenger, aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la London, aliandika maelezo ya kwanza ya kisayansi ya samaki mdogo wa miambani kutoka Tanganyika. Alimpa jina Tropheus moorii, kwa heshima ya J. E. S. Moore aliyemkusanya ziwani. Katika miaka ya 1970 samaki wa aina hii walianza kusafirishwa kwa wingi kwenda Ulaya, na Mbelgiji Pierre Brichard, aliyefanya shughuli zake Burundi, akawa miongoni mwa waanzilishi wa biashara hiyo. Samaki hutiwa katika mfuko wa plastiki wenye maji na oksijeni, hupakiwa kwenye ndege, na kesho yake huogelea katika sebule ya mtu asiyewahi kuiona Afrika.

Mfugaji huyo hamli samaki wake. Humlisha, humpimia joto na uchachu wa maji, humpangia mawe yafanane na ya ziwani. Na kuna jambo analolishika kwa ukali: mahali samaki alikotoka. Ana sababu. Tropheus huishi kwenye miamba na hathubutu kuvuka mchanga mpana au kina kirefu, kwa hiyo jamii ya kila ufuko wa mawe imejitenga kwa muda mrefu na kupata rangi yake. Ukivuka ghuba moja ya mchanga, unakuta samaki wa umbo lilelile mwenye rangi nyingine. Hivyo wafugaji hawamwiti Tropheus tu. Humwita Tropheus wa Kasanga, Tropheus wa Samazi, na aina nyingine huitwa za Kipili au za Utinta. Hawachanganyi wa fuko mbili katika tangi moja, wasije wakazaana na kupoteza asili zao. Wengi huandika pia iwapo samaki ametoka ziwani moja kwa moja au ni kizazi cha kwanza kilichozaliwa tangini.

Fikiria maana yake kwa mkoa wa Rukwa. Kasanga, wakati wa utawala wa Wajerumani, iliitwa Bismarckburg. Leo mfugaji wa samaki wa Ujerumani huitaja Kasanga kwa jina lake la asili, huitamka kwa heshima, na hulipa zaidi kwa ajili ya jina hilo. Vijiji vya mwambao wa Ufipa vimeandikwa kwenye orodha za bei za miji ambayo wenyeji wa vijiji hivyo hawataifikia. Wakati huohuo, gunia la dagaa likitoka Kasanga kwenda mbali, jina la Kasanga hubaki ufukweni.

Tusiitukuze mila hii kupita kiasi. Tropheus hutaga mayai machache, ambayo kwa kawaida hayafiki 20, na mama huyaatamia kinywani kwa muda wa mwezi hivi. Kundi la ufuko mmoja likivuliwa ovyo linaweza kuisha, na hakuna kundi jingine la kuchukua nafasi yake, maana rangi ile haipo kwingine. Tena samaki akishazaa vizuri tangini Ulaya, mfugaji hana haja ya kununua mwingine kutoka ziwani: jina la Kasanga linaendelea kuuza, fedha hairudi Kasanga. Na mila inayomtunza samaki mmoja kwa gharama kubwa haiwezi kupimwa sawa na mila inayolisha mamilioni. Hata hivyo imeona ukweli ambao sisi tumeuacha, kwamba samaki mdogo ni zao la mahali pake.

Mtu anaweza kupinga: ukweli huo unawahusu samaki wa miambani, lakini dagaa ni msafiri wa maji mapana, kwake mahali pana maana gani? Jibu lipo Kariba na Kivu. Mwaka 1959 Limnothrissa alitolewa Tanganyika na kupandikizwa katika Ziwa Kivu, ambako sasa Wakongo humwita sambaza na Wanyarwanda isambaza. Mwaka 1967 na 1968 alipelekwa katika bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako huitwa kapenta, kisha akashuka na Mto Zambezi hadi bwawa la Cahora Bassa nchini Msumbiji. Ni samaki yuleyule, lakini Kariba amebaki mdogo sana kuliko ndugu zake wa nyumbani, na huzaa akiwa na umbo dogo. Uvuvi wake pia ulichukua sura nyingine, ya majukwaa yenye mitambo na leseni, na samaki hutiwa chumvi kabla ya kukaushwa. Maji yamembadilisha, na watu wamembadilisha. Kama spishi moja inaweza kuwa chakula tofauti kwa kuhamishwa, basi kuuliza dagaa ametoka wapi ni swali la haki kabisa.

Katika soko la Tanzania swali hilo lina uzito zaidi, kwa sababu chini ya jina dagaa tunauza samaki wasio hata wa ukoo mmoja. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, ni wa ukoo wa kapi, sawa na usipa wa Ziwa Nyasa. Wa Tanganyika ni wa ukoo wa sadini. Ladha zao, mafuta yao na bei zao hazilingani. Walaji wanalijua hilo, ndiyo maana husema dagaa wa Mwanza na dagaa wa Kigoma. Lakini majina hayo mawili yamefunika mwambao mzima wa kusini. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na naona hapo ndipo jina la mji mmoja lilipopata njia ya kwenda Dar es Salaam na kuwa jina la dagaa wa ziwa zima. Kirando, Kipili, Wampembe, Samazi na Kasanga hazikuwa na reli. Zilikuwa na meli na njia za mlima, na dagaa wake walipofika mbali walikuta jina limekwisha kuchukuliwa.

Leo sababu hiyo ya zamani imepungua nguvu. Barabara ya lami inashuka kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga, na nyingine inaelekea Tunduma na Mbeya. Kilichobaki ni mazoea. Dagaa waliotandazwa juu ya chanja, safi, huchanganywa na dagaa waliokokotwa mchangani. Waliokauka kwa jua la Agosti huchanganywa na walionyeshewa mvua ya Januari. Wote hupewa bei moja, na bei hiyo humfuata yule mbaya. Mama aliyejenga chanja amepoteza gharama yake, na mwaka ujao atarudi mchangani. Hivyo ndivyo soko lisilouliza linavyofundisha uzembe.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa, nayo ni ziwa lenyewe. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba Ziwa Tanganyika linapata joto, maji ya juu hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha samaki kinapungua. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano na nchi tunazochangia nazo ziwa hilo: Burundi, Kongo na Zambia. Miezi hiyo iligusa sufuria za mwambaoni na za Malangali pia. Ikiwa hatuwezi kuongeza wingi wa dagaa, njia ya haki iliyobaki ni kuongeza thamani ya kila kilo inayovuliwa, na thamani hiyo imfikie aliyeitengeneza.

Hukumu yangu ni hii. Kwa kulisha watu, mila ya kuanika haina ya kuionea wivu. Imempandisha samaki mlimani kwa nguvu ya jua peke yake, na imempa kazi mwanamke asiye na mtaji. Lakini ikubali kuazima. Kutoka kwa Wakhmer iazime daraja: dagaa wa chanja wasichanganywe na wa mchangani, na wa kiangazi wasichanganywe na wa masika. Kutoka kwa wafugaji wa Ulaya iazime jina: kila gunia liandikwe mwalo lilikotoka na mwezi lilipokaushwa.

Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vya mialo ya Kalambo na Nkasi vinaweza kuanza na kalamu na kipande cha boksi ndani ya gunia. Halmashauri zinaweza kujenga chanja za pamoja, zenye paa la plastiki angavu kwa ajili ya masika. Manispaa ya Sumbawanga inaweza kutenga sokoni meza za dagaa waliotajwa asili yao. Na wewe mnunuzi wa Malangali, una uwezo kuliko wote hao. Kabla hujafungua pochi, muulize mama muuzaji kwa adabu dagaa hawa ni wa wapi na walianikwa juu ya nini. Akikujibu kwa hakika, mlipe kwa uhakika huo, hata kama fungu lake limezidi la jirani kwa shilingi chache.